Tusimchoshe Mtu wa Watu

Katika kila mtaa wa visiwa vyetu, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, yupo mtu mmoja ambaye jina lake ndilo la kwanza kutajwa litokeapo jambo. Akifa mtu, huitwa yeye kusimamia uchimbaji wa kaburi na ununuzi wa sanda. Paa la skuli likivuja, hupita yeye na daftari mkononi kukusanya mchango wa mabati. Mgonjwa akihitaji damu, mlango ugongwao usiku ni wake. Huyo huyo ndiye mjumbe wa kamati ya shehia, na huyo huyo, usiku wa mazoezi, ndiye ashikaye fidla katika klabu ya taarab. Watu wetu wana jina fupi kwa mja wa namna hii: humwita mtu wa watu.

Leo tumekusudia kumzungumza mtu huyu, wala si kwa kumsifu, maana sifa huzipata msibani na harusini na hazimpunguzii kazi hata chembe. Tunataka kusema kwamba anachoshwa, na kwamba wengi wa wanaomchosha ni sisi wenyewe tulioshika nyadhifa katika chama na serikali.

Hebu tuitazame siku yake. Baada ya sala ya alfajiri hupita barazani kunywa kahawa. Wako watendaji waionao baraza kuwa ni makazi ya wavivu, nao wanakosea sana. Hapo ndipo ajuapo ni nani hakuonekana tangu juzi, jiko la nani halikuwaka jana, na kijana gani amehama kwao kwa ugomvi na baba yake. Sadaka yake ya mchana hutokana na habari ya asubuhi, na ndiyo maana humfikia mwenye haja bila ya mwenye haja kunyoosha mkono mbele za watu. Afisi yenye makabati ya mafaili haiwezi kuyajua hayo, hata ikiwa na nia njema kiasi gani.

Kutoka hapo huenda kazini kwake, kwani naye ana watoto wa kulisha. Baada ya kazi huanza wito wetu. Ataandikiwa barua kwamba kikao ni saa tisa. Atafika saa tisa. Mkubwa wa kikao atafika saa kumi na moja, aombe radhi kwa maneno mawili, kisha isomwe ripoti ile ile iliyosomwa mwezi uliopita. Hatuna haja ya kutaja ni idara gani ina tabia hii, kwani ni shida kuipata isiyo nayo. Saa mbili zilizopotea pale tunazihesabu kuwa hazina gharama kwa sababu hakuna mshahara uliokatwa. Lakini zimetolewa mahali: katika ziara ya mgonjwa, au katika mazungumzo na mwanawe, au katika mazoezi ya klabu.

Hapa kwenye klabu tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo, kwa sababu tunaona wengi wetu tumekwisha kusahau asili yake. Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905 ilijiita kwa jina la udugu na usafi wa nia, wala jina hilo halikuwa pambo. Klabu zetu tangu hapo zilikuwa ni jumuiya za masahibu: mwenzao akioa wamesimama naye, akifiwa wamesimama naye, na muziki ndio uliowaweka pamoja kati ya furaha na msiba. Mila na Utamaduni, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1958, imelea vizazi vya wapigaji ambao mchana wana shughuli zao nyingine na usiku hushika ala. Na Siti binti Saad, aliyetoka Fumba kwenye kazi ya ufinyanzi na uuzaji wa vyungu, akafika Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, nyumbani kwake Ng'ambo palikuwa pakikusanyika watu kusikiliza nyimbo zilizogusa hata hukumu za mahakamani na dhulma za wakubwa. Kwa hivyo asitokee mtu akatwambia kwamba sanaa ni kitu cha kando, cha kujipumbazia baada ya mambo ya maana kumalizika.

Lakini sisi tunazitendeaje klabu hizi? Mgeni akija, barua hupelekwa: njooni mtumbuize. Wapigaji huacha shughuli zao, hukodi gari ya kubebea ala, hupiga hadi usiku wa manane, kisha hupewa soda na barua ya shukrani. Nyuzi za ganuni hazinunuliwi kwa barua ya shukrani. Mtu wa watu huona haya kudai, kwa kuwa anajua ni shughuli ya nchi, na sisi tumeifanya haya yake kuwa sehemu ya bajeti yetu.

Upande wa ihsani mambo yako hivyo hivyo. Wahisani huchangishana, vikapatikana vitanda au magodoro kwa ajili ya wagonjwa. Badala ya vitu hivyo kupelekwa wodini siku vilipofika, huwekwa ghalani kumngojea mgeni rasmi, na mgeni rasmi naye ana safari. Wiki hupita. Wagonjwa wawili wanalala kitanda kimoja, na kitanda kipya kimefungwa utepe! Tunalisema hili kwa uchungu kwa kuwa nasi tumewahi kuhudhuria hafla kama hizo na kupiga makofi.

Wanaotembea pwani ya Mizingani huliona jengo la zahanati ya zamani lenye roshani za mbao zilizonakshiwa. Tharia Topan, mfanyabiashara aliyewahi kushika ushuru wa forodha wa Sultani, aliweka jiwe la msingi wake mwaka 1887, akafariki mwaka 1891, na jengo likamalizika mwaka 1894. Hatusemi kwamba alikuwa malaika. Alikuwa tajiri aliyejua faida ya kuwa karibu na wenye mamlaka, na jengo lenyewe lilikuwa ni la kuadhimisha jubilii ya malkia wa Uingereza. Hata hivyo wagonjwa walitibiwa humo kwa miaka mingi. Sadaka na siasa, basi, zimekuwa jirani hapa petu kwa muda mrefu, nasi hatudai kwamba zitenganishwe kwa ukuta. Tunadai kwamba siasa isiile sadaka.

Maana tumeiona ikiila. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Jamhuri ya Muungano ilibadilishwa ili kuruhusu kile kilichoitwa takrima, na mgombea akaweza kugawa vitu kwa wapiga kura kwa jina la ukarimu wa kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa ni kinyume cha Katiba. Hukumu ile ilikuwa ya haki, lakini tabia haifutwi kwa hukumu. Mpaka leo mtu akichimba kisima, swali la kwanza barazani ni: jimbo gani analitaka? Mwenye kuchimba kwa ajili ya Mungu na mwenye kuchimba kwa ajili ya kura wametiwa katika kapu moja, na wa kwanza ndiye anayeumia.

Yaliyo mazito zaidi ni yale ya miaka ya 1990. Baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992 na uchaguzi wa mwaka 1995 kupita, wako ndugu waliosusiana, hasa kule Pemba. Hawakununua katika duka moja, hawakualikana harusini, na hata maziko yaligawanyika. Baraza zikapata rangi za vyama. Januari 2001 damu ilimwagika. Katika miaka ile mtu wa watu alikuwa na chama chake kama mtu mwengine yeyote, lakini aliyekwenda kumzika jirani wa upande wa pili alirudi nyumbani na jina la msaliti. Nasi wa vyama, kila upande, tulilinyamazia neno hilo, na wengine wetu tulilitamka.

Maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliyoungwa mkono na karibu theluthi mbili ya waliopiga kura, yalimpa mtu huyu nafasi ya kupumua. Haukupita muda mrefu tukamhitaji. Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilipozama usiku ikielekea Pemba, wavuvi wa Nungwi walitoka na vyombo vyao kwenda kuokoa, na waliosimama na wafiwa siku zile hawakuulizana kadi. Zaidi ya watu mia sita waliokolewa. Waliopotea ni mamia kwa mamia.

Mtu wa watu naye hakosi makosa. Wako waliosahau kwamba mke na watoto pia ni watu, na wako ambao hawajui kusema hapana mpaka afya ikawasemea. Lakini makosa hayo ni ya kwao kuyarekebisha majumbani mwao. Yetu ni mengine, nayo tunaweza kuanza nayo wiki hii.

Tunawaomba masheha, wakuu wa wilaya na wakuu wa idara: kikao kilichotajwa saa tisa kianze saa tisa, na asiyefika, awe nani, akute kimekwisha anza. Kila idara inayoita klabu kutumbuiza itenge malipo kabla ya kuandika barua ya mwaliko. Vitu vya wahisani vipelekwe wodini siku vinapopokelewa, na picha, ikiwa ni lazima, zipigwe hapo hapo kitandani kwa idhini ya mgonjwa. Na msibani bendera ziachwe nyumbani. Mazoezi ya klabu huanza baada ya sala ya isha; kiti cha mpiga fidla kimekaa kitupu mara nyingi mno.