Maji ya mto yakipungua, sola itaziba pengo? Hesabu ni uniti, sio wati

Kwa wanaofua umeme wao wenyewe kwenye vijito vya Njombe, Iringa na Mbeya, Oktoba ndiyo mwezi wa mtihani. Mvua zimekatika tangu Mei, maji kwenye mfereji yamebaki nusu, na taa zinaanza kufifia kabla chakula cha usiku hakijaiva.

Mashamba, misheni na nyumba za wageni zilizo mbali na nguzo za TANESCO zimeishi hivi kwa miaka mingi. Sasa bei ya paneli za sola imeshuka sana, na wengi wanaona jibu limepatikana.

Jibu ni hilo, ila kuna kosa linalowagharimu watu pesa. Mtu aliyepoteza wati 500 za maji ananunua paneli za wati 500, halafu anashangaa friji ikizima usiku wa manane.

Wati za maji si sawa na wati za jua

Maji hayalali. Mtambo wa kilowati 1 ukizunguka mchana na usiku unatoa uniti 24 kwa siku, uniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Maji yakipungua nusu, zinabaki 12. Pengo ni uniti 12.

Jua nalo lina saa zake. Ukihesabu saa kama tano za jua kali, kisha utoe kinachopotea kwenye nyaya, joto, betri na inveta, paneli za kilowati 1 zinakupa kama uniti 4 kwa siku. Kuziba pengo la uniti 12 kunahitaji paneli za kilowati 3.

Yaani mara sita ya wati zilizopotea. Siku ya mawingu, hata hizo hazitoshi.

Lakini je, unazihitaji uniti zote 24?

Hapa ndipo pesa inapookolewa. Mitambo mingi midogo ya maji haipunguzi mwendo watu wakilala. Umeme usiotumika unapelekwa kwenye hita na kuishia kuwa joto.

Chukua mfano wa shamba ambalo likijumlisha friji, taa, simu, TV na pampu linatumia uniti 15 kwa siku. Kijito kikiwa nusu bado kinatoa 12. Pengo halisi ni uniti 3, na paneli za kilowati 1 zinalimaliza.

Kwa hiyo kabla ya kumwita fundi wa sola, andika kila kifaa, wati zake na saa kinazowashwa. Kazi ya jioni moja inaweza kukupunguzia theluthi mbili ya paneli.

Usizime mtambo wa maji

Wengine wakishaweka sola wanaona maji kidogo yaliyobaki hayana maana, wanafunga lango. Hapo wanajiumiza wenyewe.

Wati 500 zinazotoka usiku kucha ni uniti 6 kati ya jua kuzama na kuchomoza. Ukizizima, lazima ununue betri ya kubeba uniti hizo, na kwenye mfumo wa sola betri mara nyingi ndicho kitu kinachokula pesa nyingi.

Betri ndogo bado inahitajika kwa sababu nyingine. Wati 500 haziwezi kuwasha pasi ya wati 1,000, lakini zinaweza kujaza betri taratibu, kisha betri na inveta zikabeba mzigo huo kwa muda mfupi. Kazi nzito kama pasi, pampu na kufua nguo zihamishiwe saa sita mchana, jua likiwa juu.

Na upepo?

Mufindi kuna mfano mkubwa wa kuchanganya vyanzo. Mradi wa Mwenga, unaohudumia vijiji na kuiuzia TANESCO, ulianza na mtambo wa maji wa megawati 4 mwaka 2012. Mwaka 2020 ukaongezewa mitambo ya upepo ya megawati 2.4, ili upepo wa kiangazi usaidie mto ukiwa chini.

Kwa shamba dogo, upepo unataka tahadhari. Kasi yake ikishuka nusu, nguvu inayopatikana inabaki moja ya nane tu. Bondeni, katikati ya miti, pangaboi linaweza kuwa pambo. Pima upepo kwanza, tena juu ya kilima.

Hata sola ina miezi yake. Juni na Julai, ukungu wa Mufindi na Njombe hula saa nyingi za asubuhi. Bahati nzuri, miezi hiyo mto huwa bado una nguvu kiasi. Maji yakifika chini kabisa Oktoba, jua ndilo linawaka. Vyanzo hivi viwili vinapokezana.

Mto umekauka, au chujio limeziba?

Fanya hesabu hii: lita kwa sekunde, zidisha kwa mita za mporomoko, zidisha kwa 5. Jibu ni makadirio ya wati za mtambo mdogo. Lita 20 zikishuka mita 10 zinatoa wati 1,000.

Kupima ni rahisi. Elekeza maji kwenye pipa la lita 200. Likijaa kwa sekunde 10, una lita 20 kwa sekunde. Likichukua sekunde 20, maji yamebaki nusu kweli. Kama maji ni yaleyale na umeme umepungua, tatizo ni majani kwenye chujio, bomba linalovuja au mtambo uliochakaa. Sola haitatibu hayo.

Paneli hazirudishi maji

Ukame umeshawafundisha hata wakubwa. Mwishoni mwa 2022 Tanzania iliingia kwenye mgao wa umeme. Mwaka 2024 Zambia, inayopata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kwenye maji, ilitangaza ukame kuwa janga la taifa.

Ila kijito cha shambani hakiuawi na mvua peke yake. Miti ikikatwa kwenye chemchemi, na mabomba ya umwagiliaji yakiongezeka huko juu, kiangazi hufika mapema. Sheria inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na anayetumia maji kufua umeme anatakiwa kuwa na kibali cha bodi ya maji ya bonde lake.

Sola inaweza kuwasha friji. Ng'ombe, bustani na jirani aliye chini ya mto bado wanategemea maji yaleyale. Daftari la vipimo vya kila mwezi litakuonyesha kama unahitaji paneli zaidi, au kikao na majirani wa juu.