Amri si Mtaala
Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliafiki Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia; lakini amri si mtaala. Twawauliza watungao mihtasari: kwa nini jedwali la ngeli litangulie mazungumzo? Mtoto wa Kiganda asemaye omuntu, abantu, ekintu, ebintu, si mgeni wa ngeli: aongozwe tu hadi mtu, watu, kitu, vitu. Mwenzake Mwacholi, ambaye lugha yake haina ngeli hizo, apewe muda na mazoezi zaidi. Kwanza kusikia na kusema, kisha kusoma na kuandika, sarufi ifuate. Tusipopanga hivyo, tutawafunza watoto kukiogopa Kiswahili kabla hawajakisema.