Taa Nyekundu ya Dainamo



Mwenye Volkswagen kuukuu, ile ya duara kama mgongo wa kobe, aweza kuitunza mwenyewe uani kwa spana chache. Gari hii haina rejeta wala maji. Injini yake, iliyo nyuma, hupozwa kwa upepo wa feni. Feni na dainamo zimo katika mhimili mmoja, nazo huzungushwa na mkanda mmoja tu. Mkanda ukikatika, taa nyekundu ya dainamo huwaka.

Siku moja niliiona imewaka, nikasema, "Ni umeme tu, nitafika." Sikufika. Injini iliungua, na fedha niliyoiweka kwa ajili ya paa la nyumba ikaishia kwa fundi. Mama watoto hakunena neno, na kimya chake kilinilemea kuliko lawama.

Basi iwakapo, zima injini papo hapo, ijapokuwa nyumba yako yaonekana. Tazama nyuma: mkanda ukiwa mzima na wazunguka, yumkini dainamo ndiyo mbovu, na safari fupi yawezekana.

Kila mwezi ubonyeze mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimita 1.5 umekaa sawa. Ukilegea zaidi, fungua nati ya puli ya dainamo, utoe pete moja nyembamba iliyo baina ya vipande viwili vya puli. Usiitupe, irudishe upande wa nje, chini ya nati, kwani mkanda mpya utaihitaji ndani.

Mkanda wa akiba ukae garini, pamoja na spana ya nati hiyo. Mimi niliwahi kuwa na mkanda bila spana.