Simu nzima, programu iliyokufa: somo la Nokia

Katika Goma, Bukavu na Uvira bado kuna watu wenye simu ndogo ya Nokia yenye tochi. Imeanguka mara nyingi, imelowa mvua, imekimbia vita pamoja na mwenyewe, na bado inaita. Hakuna atakayesema Nokia haikujua kutengeneza simu. Modeli moja tu, Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliuzwa zaidi ya milioni 200 duniani.

Hata hivyo, kampuni hiyo ya Finland, ambayo mwaka 2007 iliuza karibu simu nne kwa kila kumi duniani, iliachia Microsoft kazi yake ya simu mwaka 2014. Wengi hudhani ilikosa pesa au akili. Si hivyo. Ilikuwa na mainjinia kwa maelfu, na mwaka 2005 ilikwisha kuuza tableti yenye kioo cha kugusa, miaka miwili kabla ya iPhone. Kilichoishinda ni programu, na mzizi wa shida ni nani alikuwa na neno la mwisho.

Kampuni inayoishi kwa kuuza vyombo huhesabu vipande. Simu ikitoka kiwandani, kazi imekwisha. Programu haiishi hivyo: baada ya kuuzwa inaomba kurekebishwa, kulindwa na kuongezwa. Mkubwa aliyezoea vipande huiona kama gharama, na huwaita watu wa programu wakati kila kitu kimekwisha kuamuliwa.

Nokia ilitoa makumi ya modeli kila mwaka, kila moja na kioo chake na vibonyezo vyake. Watu wa Symbian, programu iliyoendesha simu zake kubwa, walitumia nguvu kuipunguza na kuipanua ili ienee kila modeli, kama fundi anayeshona nguo moja kwa miili mia. Apple ilitoa simu moja kwa mwaka, nguvu yote ikaenda kuboresha.

Palikuwa pia na woga. Watafiti Quy Huy na Timo Vuori waliwahoji viongozi na mainjinia wa Nokia, wakakuta kwamba wa chini waliogopa kuwaambia wakubwa kuwa programu imechelewa. Habari mbaya ikabaki chini.

Wengine watajibu: basi waajiriwe watu wa programu, walipwe vizuri. Nokia ilifanya zaidi. Mwaka 2010 ilimchukua Stephen Elop kutoka Microsoft awe mkurugenzi mkuu. Miezi michache baadaye aliiacha Symbian, akachagua programu ya Microsoft. Kuajiri peke yake hakutoshi kama desturi ya nyumba ni ileile.

Anayelipa mwishoni ni mwenye simu. Mwaka 2017 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Symbian. Betri nzima, kioo kizima, lakini ujumbe wa ndugu haufiki tena. Kwa jamaa iliyotawanywa na vita, hiyo si hasara ndogo.

Somo hili linahusu Kivu pia. Vyombo vinaletwa: tableti za shule, mashine za kuandikisha wahami. Siku ya kuvipokea, vinahesabiwa vipande na picha zinapigwa. Kamati za wahami na wakubwa wa mitaa wangefanya vema kuuliza kabla ya kutia sahihi: nani atarekebisha programu mwaka ujao? Anakaa wapi? Akisema kuna kasoro, nani atamsikiliza?

Vijana wa hapa wanaojifunza kuandika programu wapo. Wakiitwa tangu siku ya kwanza, chombo kitadumu. Wakiitwa siku ya mwisho, kitabaki kizima kabatini, na jina la mhami halitaonekana kwenye liste siku ya kugawa chakula.