Kichwa kinauma wiki nzima: si kila mara ni malaria

Mashariki mwa RDC, mtu akiumwa kichwa na homa, watu hutaja malaria kwanza, kisha tifoidi. Anapewa dawa, anarudi nyumbani. Lakini kwa anayeishi na virusi vya SIDA na ambaye kinga yake imeshuka, kichwa kinachouma siku nyingi kinaweza kuwa dalili ya meninjiti inayoletwa na kuvu iitwayo kriptokoki.

Kuvu hiyo hukaa kwenye udongo na mavi ya njiwa. Watu wengi huivuta kwa pumzi bila kuugua, wala mgonjwa haambukizi mwenzake. Ila mwili ukikosa nguvu ya kujikinga, inatoka mapafuni na kufika kwenye ubongo. Bila matibabu, inaua. Watafiti wanakadiria kwamba mwaka 2020 iliua watu wapatao 112,000 wenye virusi hivyo duniani, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara.

Vita inaongeza hatari hii. Anayekimbia kijiji chake anaacha nyuma kituo cha afya na vidonge vya ARV. Miezi ikipita bila dawa, kinga inashuka.

Kinachouma zaidi ni kwamba vifo vingi vingeweza kuzuiwa. Kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika 10 hivi, na kinaweza kugundua kuvu wiki kadhaa kabla ya kichwa kuanza kuuma. Tangu 2022, OMS inashauri dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14. Kumpa mgonjwa wa meninjiti flukonazoli peke yake hakutoshi.

Mwongozo unaobaki kwenye karatasi hauponyi mtu. Wizara ya Afya na wafadhili wanapaswa kufikisha kipimo na dawa hizo hadi kwenye hospitali za wilaya za afya, si mijini tu. Na kila anayerudia ARV baada ya kuikatiza apimwe kinga yake.

Familia nazo zisikatae sindano ya kutoa maji ya mgongo. Wengi husema inaua, kumbe mgonjwa aliletwa akiwa amechelewa. Sindano hiyo inaonyesha ugonjwa na kupunguza msukumo unaobana ubongo.

Aliyekatiza dawa kwa kukimbia vita asione haya kurudi kwa waganga. Nao wampokee bila kumgombeza.