Kofia hii haiuzwi
Safu ya KIBARAZANI, na Zuwena Khatib Makame

Wapita njia wanaotukuta mkekani baada ya sala ya Alasiri, kila mmoja na kofia yake mapajani, wakishamaliza kutuamkia huuliza swali moja tu: mnauzaje? Tukijibu kwamba hatuuzi, hudhani tunaficha bei.

Leo nataka kuitetea starehe hii, maana imeanza kuonewa haya. Siku hizi kila kinachotoka mikononi mwa mwanamke sharti kiwe mradi: kikundi kisajiliwe, akaunti ifunguliwe, soko litafutwe. Kipato sikipingi. Unguja na Pemba zipo nyumba zilizosomesha watoto kwa kofia za mkono, na anayeishi kwa sindano anastahili malipo bora kuliko anayopata. Lakini mwanamume akicheza bao mpaka Magharibi, nani humuuliza limemwingizia kiasi gani?

Kofia ya mkono ina vipande viwili, mshipi unaozunguka kichwa na kifuniko cha duara cha juu. Kitambaa cheupe cha pamba huwekwa tabaka mbili, maua huchorwa kwa penseli, ndipo sindano ishike kazi. Vitundu hutobolewa kimoja kimoja, na ukingo wa kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukaze, usije ukafumuka kofia ikifuliwa. Vitundu hivyo ndivyo vinavyopitisha upepo utosini wakati wa joto la kaskazi, na ndivyo hivyo vikipangika vinavyotoa ua. Kofia yenye mapambo mengi hula wiki kadhaa, nyengine miezi. Ukikaa nayo peke yako chumbani utaichoka mapema. Kazi haitaki akili yote, na ile inayobaki ndiyo tunayoipa mazungumzo.

Na mazungumzo ya sindano yana namna yake. Macho yako chini kwenye kitambaa, hakuna anayemkodolea mwenzake, basi mtu husema lile asiloweza kulisema akitazamwa usoni. Mwenzetu mmoja alitupa habari ya ugonjwa wake huku akizungushia uzi kitundu. Hakuinua kichwa, wala sisi hatukuacha kushona. Alisema mpaka akamaliza, bila ya mtu kumkatiza kwa pole wala kwa dawa ya jirani. Nimehudhuria vikao vingi vilivyoitishwa makusudi ili watu wafunguke mioyo, na sijaona kilichofanya hata nusu ya hayo. Hata kunyamaza hapa hakumtii mtu wasiwasi. Anayenyamaza anahesabu vitundu vyake.

Kufundishana nako ni raha. Anayeanza hupewa mistari iliyonyooka, na vitundu atavifikia baadaye. Hukata uzi mrefu ili asihangaike kutunga kila mara, na uzi mrefu hujisokota ukapiga fundo, akaanza upya. Mkubwa wetu akitaka kuipima kazi yako hana haja na upande wa mbele. Huigeuza kofia akatazama ndani. Yeye mwenyewe macho yamechoka, tundu la sindano halioni tena, hivyo watoto wakitoka chuoni huitwa wamtungie sindano kadhaa na kuzichomeka kwenye kitambaa, tayari. Wapo walioanzia hapo, wakaomba kipande cha kuchezea, na sasa wanachora maua wenyewe.

Hatuko peke yetu. Lamu wanaume pia hukaa wakashona kofia. Oman kofia ya namna hii huitwa kumma, na imefungamana na watu waliokuwa wakienda na kurudi baina ya Maskati na Unguja tangu enzi za Sayyid Said katika karne ya 19. Bara nako, waliokua miaka ya 1980 wanazikumbuka foronya zilizodariziwa "Usiku Mwema" na vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya makochi na redio. Vingi havikupelekwa sokoni. Vilipamba nyumba, au vilikwenda kwa bibi harusi pamoja na mashuka yake.

Najua kofia za mashine zimejaa madukani kwa bei ambayo mkono hauwezi kushindana nayo. Anayetaka kofia ya haraka akanunue hiyo, hana kosa. Sisi tunamshonea mtu tunayemjua: mume, kaka, mtoto anayekaribia kuhitimu chuo, rafiki aliyepata mjukuu wa kiume. Kichwa chake tumekwishakipima kwa uzi.

Mwezi huu tumeletewa oda ya kofia za harusi, na malipo si mabaya. Wenzangu wamegawanyika. Mimi nimesema hapana, na sababu ni tarehe. Harusi ina siku yake, na siku hiyo ikikaribia hatutakuwa na nafasi ya kumsikiliza mtu. Tutaanza kuulizana nani amechelewa, nani kashona vibaya, nani alipwe pungufu. Shauri bado halijaisha, tutalizungumza tena Jumamosi, na sindano zikiwa mkononi.