Mbio Fupi Nazo ni Zetu

Wapo wasemao kwamba Mkenya kajaliwa pumzi za mbio ndefu tu, na mbio fupi wameumbiwa wengine. Sisi twawauliza: Seraphino Antao wamemweka wapi? Kijana huyu wa Mombasa, mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 mjini Perth mwaka 1962, akaipatia Kenya nishani zake za kwanza za dhahabu katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mjini Tokyo, mwaka 1964, bendera ya taifa changa aliibeba yeye. Lakini Ferdinand Omanyala aliposhinda mita 100 mjini Birmingham mwaka 2022, tuliwasikia wakistaajabu, kana kwamba njia ile haijapata kukanyagwa. Au ni asili ya Antao iliyowasahaulisha? Basi na waseme wazi, tuwajibu.